Je, Wajua? Tangi la bahari huongezwa maji matamu

Mwenye tangi la maji ya bahari sebuleni akiona kina kimeshuka, hukimbilia kukoroga maji ya chumvi ajazie. Hapo ndipo samaki wengi huponzwa. Kinachopaa hewani ni maji peke yake. Chumvi yote hubaki. Maji ya bahari huwa na gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita, na ukijazia ya chumvi kila mara, kiwango hupanda hadi samaki azidiwe. Ongeza maji matamu yaliyochujwa, kidogo kidogo, kila siku. (Wakati wa kubadilisha maji, chumvi ya mezani haifai: tumia ile maalumu ya tangi, yenye kalisi na magnesi.)

Na samaki mwenyewe? Damu yake ina chumvi pungufu kuliko bahari, hivyo maji humtoka bila kukoma kupitia matamvua. Ili asikauke, hunywa maji ya bahari, kisha chumvi ya ziada huisukuma nje kwa matamvua hayo hayo. Samaki wa maji matamu hanywi, au hunywa kiasi kidogo mno.

Kipenzi cha wanaoanza ni yule wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, nyota wa filamu ya Finding Nemo ya 2003. Hawa huanza maisha wakiwa madume. Jike likifa, dume lake hugeuka jike. Kwa kanuni hiyo, baba yake Nemo angekwisha kuwa mama kabla filamu haijafika katikati.