Sababu za Kushuka Kuzimu

Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons huko Marekani. Ni mchezo wa mezani: kila mchezaji anabeba uhusika wa mtu wa kubuni, mpiganaji au mchawi, na msimulizi anawaongoza wote kwenye mapango na mashimo yaliyo chini ya ardhi. Kwa kanuni zile za mwanzo, dhahabu uliyotoka nayo shimoni ndiyo iliyokupa alama za kupanda daraja. Ukiua zimwi ulipata kidogo. Ukibeba hazina ulipata nyingi. Michezo mingi ambayo vijana wetu wanaicheza leo kwenye simu pale stendi ya Makambako imerithi sababu hiyohiyo. Mhusika anashuka kwa sababu kuna mali.

Mimi naiona ni sababu nyembamba mno, na mila za nyanda hizi za juu kusini mwa Tanzania zinanipa haki ya kusema hivyo.

Kwa watu wa huku, Wabena, Wahehe, Wakinga na majirani zao, kuzimu hakukuwa nchi ya mbali yenye majoka na milango ya chuma. Waliokufa wako chini, karibu kabisa na walio hai. Wahehe wanawaita masoka, na Wangoni upande wa Songea wanawaita mahoka. Mzee anapomwaga pombe chini na kutaja majina ya babu zake mmoja baada ya mwingine, anaongea na jamaa wanaosikia, jamaa wenye njaa, wenye kinyongo, wenye haki ya kuulizwa kabla ya safari au ndoa. Kwenda kwao ni kwenda ukweni: hubishi hodi bila shughuli. Lazima uwe umetumwa, au umekimbia, au umeitwa, au unadaiwa.

Wachaga wana hadithi ya Marwe, ambayo Alice Werner aliiweka katika kitabu chake cha 1933 kuhusu visasili vya Wabantu. Marwe na kaka yake waliachiwa shamba la maharage walilinde dhidi ya nyani. Kiu ikawabana, wakaenda kunywa maji bwawani, na waliporudi shamba lilikuwa limekwisha. Marwe akaogopa wazazi wake, akajitupa bwawani. Huko chini alimkuta bibi kizee, akakaa naye kwa adabu na kufanya kazi aliyopewa. Alipotamani kurudi kwao, bibi akamuuliza anataka baridi au joto. Akachagua baridi, akatumbukiza mikono kwenye chungu, na ilipotoka ilikuwa imejaa bangili. Akarudishwa juu, akakutwa ameketi ukingoni mwa bwawa, amependeza.

Tazama sababu yake. Mtoto huyu hakujua kama huko kuna bangili. Alishuka kwa hofu ya kupigwa, kwa kosa ambalo mtoto yeyote mwenye kiu angelifanya. Mali alipewa na mwenyeji wake, mwishoni, baada ya heshima na kazi, tena kwa kuchagua kile kilichoonekana kibaya. Angeshuka akitafuta bangili, hadithi ingemmaliza; wasimulizi wetu wana watoto wengi wavivu na wenye tamaa waliofuata njia ya mwenzao wakaambulia aibu.

Waganda wanaye Mpobe, mwindaji aliyemfuata mnyama wake hadi ndani ya shimo na kujikuta kijijini kwa Walumbe, yaani Kifo mwenyewe. Aliruhusiwa kurudi kwa sharti la kutomwambia mtu yeyote alichokiona. Mama yake alimbana mpaka akasema, na Kifo kikaja kudai chake. Kumbe kurudi nako kuna gharama, na wa kwanza kuuliza ulikuwa wapi ni yule aliyekuzaa.

Lakini safari iliyotugusa zaidi watu wa Njombe ni ya mtu wa historia kabisa. Mwaka 1904, Ngarambe, karibu na mto Rufiji, Kinjikitile Ngwale alipagawa na pepo aliyeitwa Hongo, akaingia kwenye bwawa na kuzama. Ndugu zake walikesha wakilia kando ya maji. Masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na mwanahistoria Gilbert Gwassa yanasema kesho yake alitoka nguo zake zikiwa kavu, akileta habari za waliokufa na dawa ya maji, iliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji. Ebrahim Hussein aliifanya safari hiyo kuwa mhimili wa tamthilia yake Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969. Kinjikitile hakuzama kwa sababu ya fimbo kama Marwe wala windo kama Mpobe. Aliitwa, na nyuma ya wito huo kulikuwa na watu waliochoshwa na kodi na mashamba ya pamba ya kulazimishwa.

Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, lakini maji yalikuwa yameshaanza safari ya kuja huku. Septemba mwaka huohuo, katika vita vya Maji Maji, Wabena wa mtwa, yaani chifu, Mbeyela walishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe, na risasi hazikugeuka maji. Jeshi la Gavana Götzen likajibu kwa kuchoma nyumba na vyakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Mtu mmoja alishuka bwawani kwa niaba ya watu wake, na waliolipa ni wengi mno ambao hawakuwahi kuliona bwawa lile.

Kuanzia hapo kodi ndiyo iliyowashusha watu chini. Wajerumani waliianza kodi ya nyumba mwaka 1898, Waingereza wakaiendeleza, na ililipwa kwa fedha taslimu katika nchi ambayo fedha ilikuwa haipatikani. Njombe ikawa wilaya ya kutoa vibarua. Wengi walikwenda Tanga kuwa manamba kwenye mkonge, na kipande, kadi ya kazi, mkononi. Wengine walikwenda mbali zaidi, migodi ya shaba ya Zambia ya leo, au kwa Wenela, shirika lililoajiri watu kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Huko kijana aliyezaliwa kwenye baridi ya Njombe aliingizwa kwenye lifti ya mgodi, amebanwa bega kwa bega na watu wa lugha kumi, akateremshwa zaidi ya kilomita moja, pengine mbili, kwenye mwamba wenye joto. Amri alizipokea kwa Kifanagalo, lugha ya migodini. Juu ya kichwa chake kulikuwa na mlima mzima wa mawe.

Ukimuuliza mzee wa namna hiyo kwa nini alikwenda, dhahabu haimo kwenye jibu. Dhahabu ilikuwa ya wenye mgodi. Anataja kodi ya baba. Anataja mahari, maana wazee walitaka ng'ombe au fedha, na bila hivyo binti angeolewa na mwingine. Anataja blanketi na sanduku la bati. Na wapo wanaosema wazi kwamba walitaka kuona walikokwenda kaka zao, wasiitwe waoga. Waliorudi walijenga na kuoa. Wengine walirudi na vumbi la mgodi kifuani, likawakohoza mpaka kaburini. Mapatano ya fidia ya ugonjwa huo yaliyofikiwa Afrika Kusini mwaka 2018 yanawahusu waliofanya kazi kuanzia Machi 1965. Tanganyika ilikuwa imeshasitisha uajiri wa Wenela muda mfupi baada ya uhuru, na wazee wetu wengi walikuwa wamerudi makwao kabla ya tarehe hiyo, kwa hiyo hawamo. Kuachwa kwao kunaniuma.

Hata reli yetu inapita chini. TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina mahandaki zaidi ya 20, na mengi yako kwenye kipande kigumu kinachopanda kutoka Mlimba kuja Makambako. Abiria wa kutoka Kilombero anaingia gizani na kutoka, tena na tena, kabla ya kuonja baridi yetu.

Vijana wa leo wanakwenda Chunya, Geita, Mirerani. Wanaaga kwa kusema wanakwenda kutafuta maisha. Mwaka 2015, Nyangalata wilayani Kahama, shimo liliporomoka na wachimbaji watano wakatolewa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa mizizi, wadudu na maji yaliyochuruzika. Siku 41 gizani. Hakuna mwandishi wa michezo aliyebuni kitu kigumu kuliko hicho, na ukimfuata nyumbani mchimbaji yeyote mdogo utakuta ada ya shule, mama mgonjwa, au kiwanja kilicholipiwa nusu.

Kwa hiyo wewe unayebuni mchezo, au unayeandika hadithi, usimshushe mhusika wako kwa ajili ya sanduku la dhahabu peke yake. Amua kwanza anadaiwa na nani, nani analia ukingoni, na akitoka ataulizwa nini na mama yake. Na kama kwenu yupo babu aliyekwenda Wenela, usingoje. Kijana aliyeondoka mwaka 1958 akiwa na miaka 20 sasa anaikaribia 90. Washa kinasa sauti cha simu yako, muamkie kwa salamu ya huku, Kamwene, umwache aanze na sababu iliyompeleka.