Wasichana na wavulana hawako pamoja mtandaoni

Je, wasichana na wavulana huitumia mitandao ya kijamii kwa namna moja? Wengi wetu tunaolea watoto Marekani husema simu ni simu tu. Takwimu zinaonyesha vingine.

Kwa mujibu wa uchunguzi uliofanywa nchini humo na taasisi ya Pew mwaka 2022 kwa vijana wa miaka 13 hadi 17, asilimia 73 ya wasichana walitumia TikTok, wakati wavulana walikuwa asilimia 60. Instagram ilikuwa na asilimia 69 ya wasichana na 55 ya wavulana. Wavulana nao waliongoza katika YouTube, Twitch na Reddit.

Hata urafiki hupatikana kwa njia tofauti. Mwaka 2015 taasisi hiyohiyo iliwauliza vijana waliopata marafiki wapya mtandaoni kwamba waliwapatia wapi. Asilimia 78 ya wasichana walitaja mitandao ya kijamii. Asilimia 57 ya wavulana walitaja michezo ya video. Wasichana waliotaja michezo hiyo walikuwa asilimia 13 tu.

Hatari nazo hazifanani. Oktoba 2021 Frances Haugen, mfanyakazi wa zamani wa Facebook, aliliambia Baraza la Seneti la Marekani kwamba uchunguzi wa ndani wa kampuni hiyo ulionyesha Instagram ikiwadhuru baadhi ya wasichana, hasa katika namna wanavyoiona miili yao.

Kwa upande wa wavulana, shirika la upelelezi la FBI limeonya kuhusu matapeli wanaojifanya wasichana, wakaomba picha za utupu, kisha wakadai fedha. Walengwa wao wengi ni wavulana wa miaka 14 hadi 17, na wapo waliojiua.

Hapa ndipo desturi zetu zinapoacha mlango wazi. Binti huulizwa anaongea na nani. Kijana wa kiume akijifungia chumbani na mchezo wake, husemwa huyu hana neno, yuko nyumbani. Kumbe hapo anaweza kuwa anazungumza na mtu asiyemjua kabisa.

Silaha ya tapeli ni aibu. Kwa hiyo, wapenzi wasomaji, tuwaulize watoto wote wawili, na tuwaambie mapema: likikufika jambo, njoo useme, hatutakugombeza. Kunyang'anya simu huchukua dakika moja, lakini mtoto aliyezoea kusikilizwa ndiye atakayekuja kusema kabla mambo hayajaharibika.