Premio ya mtumba: Injini ipimwe kabla fedha hazijatoka

Mfanyabiashara anayenunua Toyota Premio iliyotumika ili aiuze tena au aikodishe huangalia kwanza rangi, viti na kilomita. Vyote hivyo hurekebishika kwa gharama ndogo, kilomita zikiwemo. Faida au hasara yake imo chini ya boneti.

Premio za mwaka 2001 hadi 2007 zilitoka kiwandani na injini tofauti, na sahani iliyo ndani ya boneti hueleza ni ipi. NZT240 ni cc 1,500, injini ya 1NZ. ZZT240 ni cc 1,800, injini ya 1ZZ. AZT240 ni cc 2,000, na petroli yake hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, jambo ambalo si kila fundi wa mtaani analimudu. Kwa mwenye mtaji mdogo, ile ya kwanza ndiyo salama zaidi.

Tatizo kubwa liko kwa 1ZZ za miaka ya mwanzo, zinazojulikana kwa kula oili. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo na machache. Yakiziba kwa masizi, ringi hunata na oili huungua pamoja na petroli. Injini hiyo hubeba oili lita 3.7. Ikila lita 1 kila kilomita 1,000, na dereva akasubiri sevisi ya kilomita 5,000 bila kuongeza, itanoki kabla ya kufika. Hapo faida yote huishia kwenye injini nyingine ya mtumba, ambayo nayo hakuna aijuaye historia yake.

Muuzaji aombwe asiliwashe gari kabla mnunuzi hajafika. Injini ikikutwa ya moto, ni vyema kurudi kesho yake. Kifuniko cha oili kifunguliwe: uji mweusi maana yake sevisi zilirukwa; rangi ya maziwa mara nyingi ni maji yaliyoingia kwenye oili, na hapo hata bei ya kutupa ni ghali. Gari likiwashwa, cheni ya taiming isipige kelele zaidi ya sekunde chache. Kisha liendeshwe mteremkoni bila kukanyaga mafuta, halafu yakanyagwe ghafla. Moshi wa bluu ukitoka nyuma, hiyo ni oili.

Oili nzito iliyotiwa jana yake huweza kuuficha moshi huo. Hivyo fundi, asiye wa muuzaji, apime kompresheni. Silinda zikitofautiana kwa zaidi ya psi 15, ama bei ipunguzwe kwa kiasi cha matengenezo, ama mnunuzi aende yadi nyingine.