Sauti Ndiyo Mlango wa Wimbo

Jumapili jioni, katika nyumba moja ya Kirumba, mjini Mwanza, baba hawezi kuustahimili wimbo aupendao mwanawe. Magitaa hayamuudhi, wala ngoma. "Huyo mwimbaji," asema, "anapiga kelele tu." Mwana naye huzikimbia kanda za dansi za babaye kwa sababu iyo hiyo.

Ndugu msomaji, sauti ndiyo mlango wa wimbo. Ikimchukiza mtu, ufundi wote wa ndani humpita. Hasara huzidi katika muziki wa roki wenye nyimbo ndefu za sehemu nyingi, kwani msikilizaji huondoka kabla ya kufika katikati.

"Bohemian Rhapsody" ya bendi ya Queen, iliyotoka mwaka 1975, huchukua karibu dakika 6 wala haina kiitikio. Kinachoziunganisha sehemu zake ni sauti ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja mwaka 1946: mara yabembeleza, mara yanguruma.

Dansi letu nalo huanza na kisa, ndipo lije chemko. Katika Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978, Muhidini Gurumo aliimba kwa sauti nzito ya mtu mzima anayeonya. Hassani Bitchuka akapaa juu yake kwa sauti nyembamba. Aliyezoea mmoja alivutwa kumsikiliza wa pili.

Basi baba na mwana wabadilishane kanda. Wasikilize kwanza gitaa la besi, kisha magitaa mengine, mwisho sauti. Huenda wasiipende, lakini watajua mwenzao anapenda nini.