Hofu ya Riziki na Maana ya Tawakali

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, mwaka 2020 shule zote nchini Tanzania zilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya maradhi ya Korona, na za msingi na sekondari hazikufunguliwa kikamilifu hadi Juni 29. Katika kipindi hicho alitujia mwalimu mmoja wa shule binafsi baada ya sala ya alasiri. Mshahara ulikuwa umekatika, mwenye nyumba anadai kodi, na mkopeshaji wa riba mtaani kwake yuko tayari kumpa fedha siku ile ile. Akatuuliza: "Sheikh, silali usiku. Je, hofu hii ni dalili kwamba sina tawakali?"

Tunakiri kwamba sisi wenye kuhubiri huwa wepesi kumuusia subira mwenye njaa, ilhali sisi tumekwisha kula. Swali lake lilistahiki jibu lililo bora zaidi ya hilo.

Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akikithirisha kumuomba Mola wake amkinge na wasiwasi na huzuni, na katika dua hiyo hiyo akaomba kinga dhidi ya uzito wa deni. Hofu na deni vimewekwa pamoja, kwa kuwa ndivyo vinavyomjia mja. Na Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kwamba Mtume alifariki dunia hali deraya yake ya vita imewekwa rehani kwa Myahudi kwa pishi 30 za shayiri. Basi ni nani atakayethubutu kusema kuwa dhiki ya mfukoni ni upungufu wa imani? Alikopa chakula cha ahali zake, akaweka rehani, na riba haikuingia.

Tuzingatie pia kisa cha Abdurrahman bin Auf (R.A.). Alihama Makka akiacha mali yake nyuma, akafika Madina mikono mitupu. Mtume akamuunga udugu na Saad bin Rabii, tajiri miongoni mwa Ansari, naye akajitolea kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamuombea baraka katika mali hiyo, kisha akauliza soko liko wapi. Akaelekezwa soko la Banu Qaynuqa, akaanza kwa samli na maziwa makavu. Haukupita muda mrefu akaonekana ana athari ya manukato ya harusi; alikuwa ameoa, na mahari aliyotoa ni dhahabu ya uzito wa kokwa ya tende.

Wengi husimulia kisa hiki kumsifu Abdurrahman peke yake. Sisi tunaona Saad naye ana fungu lake, kwani mtu huenda sokoni kwa moyo mtulivu zaidi akijua nyuma yake yupo ndugu asiyekubali alale njaa.

Ama wale wanaokaa wakingoja, jibu lao ni la zamani. Walikuwapo mahujaji kutoka Yemen waliosafiri bila masurufu wakidai kuwa wao ni wenye kutawakali, kisha wakifika Makka huomba watu. Ndipo ikateremka aya ya 197 ya Suratul Baqara yenye kuamrisha kuchukua masurufu.

Suratut Talaq inamuahidi mcha Mungu njia ya kutokea, na riziki kutoka asikotarajia. Haikutaja tarehe wala kiasi. Hapo ndipo penye mtihani, kwa kuwa fedha ya riba ina tarehe na ina kiasi, na iko mlangoni.

Tulifuatana na mwalimu yule hadi kwa mwenye nyumba, tukamkumbusha aya ya 280 ya Suratul Baqara, inayoamrisha kumpa muhula mdaiwa aliyefikwa na uzito. Alinyamaza kitambo, kisha akakubali kungoja hadi shule zifunguliwe. Jamaa wa msikitini wakachanga mkopo mwema usio na ziada, mkewe akanunua mchele na nazi, akaanza kupika vitumbua. Kodi waliimaliza mwaka uliofuata, kidogo kidogo, na vitumbua hawakuviacha.