Chambo Laini cha Plastiki: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kununua

Mvuvi wa mshipi wa Pemba amezoea chambo cha ngisi, pweza, dagaa au kipande cha kibua. Hata hivyo, ofisi yetu huulizwa pia kuhusu chambo cha namna nyingine: kisamaki cha plastiki laini, chenye mkia mpana mfano wa kasia, ambacho ndoana na risasi yake vimekwisha kutiwa ndani kiwandani. Wengine hukinunua dukani, wengine huletewa na jamaa zao walioko Maskati au Dubai. Mwenye nacho hufungua pakiti, akafunga mshipi, akatupa. Urahisi huo ndio unaouzwa, na haununuliwi kwa bei ndogo. Mtu asipoangalia vyema, atatoa fedha zake kwa kitu ambacho kitamkosesha samaki na kumpotezea mshipi kwa safari moja.

Tuanze na picha iliyo juu ya pakiti. Mara nyingi huwa ni samaki wa rangi ya kijani mwenye kinywa kipana, anayeitwa besi, ambaye asili yake ni maziwa na mito ya Marekani ya Kaskazini. Afrika Mashariki alipandikizwa katika maji machache ya bara, likiwamo Ziwa Naivasha nchini Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1920. Katika bahari yetu hayumo. Umbo la chambo kilichoundwa kwa ajili yake halina kasoro kwetu, kwani kolekole na chewa hawasomi pakiti. Wakiona kitu kinachoogelea kama kidagaa kilichojeruhiwa, hukifuata. Kasoro huwa katika chuma. Ndoana ya maji baridi hutengenezwa kwa waya mwembamba, na huenda haikupakwa kitu cha kuizuia kutu. Kolekole wa kilo kumi akikimbilia kwenye mwamba, ndoana hiyo hufunguka kama pini.

Kwa hiyo, kabla ya rangi na kabla ya bei, angalia ndoana. Tafuta maandishi yanayosema kwamba chambo ni cha maji ya chumvi. Yasipokuwapo, muulize muuzaji, na jibu lake liandikwe katika risiti. Bonyeza ncha ya ndoana kwa kipande cha mbao: ikipinda kwa nguvu ya mkono, usiichukue. Tazama pia tundu la kufungia mshipi. Likiwa halikuzibwa sawasawa, ule mwanya mdogo utaukata nailoni taratibu bila wewe kujua. Mwisho, pima nafasi iliyopo baina ya mgongo wa chambo na ncha ya ndoana. Katika chambo chenye mwili mnene, ncha ikiwa imelala karibu na plastiki, samaki atauma mpira tupu na kutema.

Vipimo vya pakiti huwatatiza wengi, kwa sababu vimeandikwa kwa desturi ya Marekani. Aunsi moja ni takriban gramu 28, na inchi moja ni sentimita 2.54. Mshipi ulioandikwa ratili 20 hubeba kiasi cha kilo tisa, si kilo 20, na kosa hili tumelisikia zaidi ya mara moja. Uzito wa chambo uchaguliwe kwa kina na mkondo. Ndani ya hori na juu ya mwamba wa maji mafupi, aunsi moja au pungufu yake yatosha. Ukingoni mwa Mkondo wa Pemba, ambako kina huporomoka ghafla, au wakati wa bamvua maji yanapokwenda kwa nguvu, chambo chepesi hakifiki chini. Anayevua maji mafu anaweza kupunguza uzito.

Kuhusu rangi, hatuoni sababu ya mtu kununua rangi kumi. Maji yakiwa maangavu, kama yalivyo siku nyingi za kaskazi, rangi ya fedha yenye mgongo wa buluu inafanana na dagaa na vibua wanaoliwa na samaki wakubwa. Maji yakichafuka kwa mvua za masika, rangi nyeupe au ya manjano huonekana vizuri zaidi. Rangi mbili zinatosha kuanzia.

Nunua kimoja kwanza, hata kama pakiti kubwa ina punguzo. Kifunge, ukivute polepole ufukweni penye maji ya kufika magotini. Kisamaki kizuri husimama wima na mkia wake hutikisika kwa mwendo mdogo kabisa. Kikilala ubavu au kuzunguka, risasi haikukaa katikati. Kitausokota mshipi, na hakuna ufundi wa mkono utakaokirekebisha. Chombozini, kiache kizame kwa kuhesabu, kisha ukivute kwa mwendo wa kuuhisi mkia ukipiga, ukisimama mara kwa mara. Samaki wengi huuma kinapoanza kuzama tena. Ukivua mahali penye nguru au mzia, tanguliza kipande cha waya baina ya mshipi na chambo, kwani meno yao hayangoji.

Meno hayo yanatuleta kwenye hesabu yenyewe. Chambo kilichokwisha kuundwa kiwandani, kikikatwa mkia, mara nyingi hutupwa chote pamoja na ndoana na risasi yake. Na si mzia peke yake anayekata, hata bunju hukwangua mikia ya plastiki kwa utulivu mkubwa. Zipo aina ambazo kichwa cha risasi chenye ndoana huuzwa mbali na miili, na mwili ukiharibika hubadilishwa huo tu. Kwa anayevua kila siku kwa riziki, tunaona hiyo ndiyo nafuu, au ngisi wake wa siku zote. Kilicho tayari kinamfaa zaidi anayetoka mara moja moja.

Kihifadhi katika pakiti yake, mbali na jua. Kikiachwa juu ya ngalawa mchana kutwa, hulegea na mkia hupinda. Kikigusana na vingine vya plastiki tofauti, huweza kuyeyukiana, na rangi huhama. Kioshe kwa maji baridi baada ya safari. Usiikate wala kuishika risasi kwa meno, nawa mikono kabla ya kula, na usiwape watoto wachezee. Kilichochanika kirejeshwe nchi kavu, kwani plastiki haisagiki tumboni mwa samaki anayeimeza. Kumbuka pia kwamba katika Kisiwa cha Misali lipo eneo lisiloruhusiwa uvuvi wa aina yoyote, wala kuvua kwa chambo bandia hakumpi mtu ruhusa.

Ukiuziwa chambo cha maji ya chumvi kikashika kutu baada ya safari ya kwanza, usikitupe kwa hasira. Njoo nacho ofisini pamoja na pakiti na risiti. Bila vitu hivyo vitatu, ni neno lako dhidi ya neno la muuzaji.