Hesabu ya watu itangulie hesabu ya pesa

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na lava ikafika Buhene, karibu na uwanja wa ndege wa Goma. Siku tano baadaye gavana aliamuru sehemu ya mji ihame. Watu walikimbilia Sake, Bukavu na Rwanda.

Siku kama hiyo kikundi cha akiba kinajaribiwa. Sanduku lina kufuli tatu, na wenye funguo wanaweza kukimbia njia tatu. Basi tupange mapema. Kila mama afuatilie wenzake watano, ajue simu zao na mahali watakapokimbilia. Wenye funguo wapatane watakutana wapi. Daftari lipigwe picha kila juma.

Hatari ikifika, prezidenti wetu asifiche habari wala asieneze uvumi. Aseme anachokijua, na saa atakayotujulisha tena. Aulize kwanza ni mama gani hajaonekana, pesa zifuate. Wala asibebe mzigo peke yake: kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwenye mkutano ujao tuanze na orodha hiyo, mlima ungali umetulia.